MUNGU HAPEWI MAKOMBO

Masomo: Malaki 1:6-14, Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Luka 10:38-42



Katika ukurasa huu tunataka kuongea juu ya neno moja ambalo kila mukristo anafikiri amekwisha kulijua: kumupa Mungu heshima yake katika maisha ya kila siku. Ukimuuliza mukristo yeyote, "Nani ni wa kwanza katika maisha yako?" atakujibu mara moja, "Ni Mungu." Hakuna atakayesema ni kazi, ao falanga, ao telefone. Kwa kinywa sisi wote tumeshinda mutihani huo. Lakini Mungu hasahihishi kinywa. Anaangalia siku yetu, tangu tunapofungua macho mupaka tunapoyafunga, na anauliza neno moja tu: katika siku hii mimi nimepewa fungu gani? Fungu la kwanza, ao makombo?

Makombo tunayajua. Ni kile kinachobaki katika sahani wakati watu wamekwisha kushiba. Mukwe akija nyumbani, mama hawezi kumwekea makombo. Anachinja kuku, anasonga bukari mupya, anatafuta sahani nzuri. Na kuku ikichinjwa, firigisi ni ya baba. Watoto wote wanajua, hakuna anayeigusa. Firigisi si nyama kubwa, haishibishi mutu. Lakini ile nyama ndogo inasema katika nyumba: huyu ndiye baba.

Sasa tusome kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 2. Wana wa kuhani Eli, Hofni na Finehasi, walikuwa wakinyanganya nyama ya sadaka mbele mafuta hayajachomwa kwa Mungu. Nyama ilikuwa pale, sadaka ilikuwa pale, Mungu vilevile angepata kitu. Lakini wao walikula kwanza. Katika mustari wa 29 Mungu anamuuliza Eli sababu gani anaheshimu watoto wake kupita yeye. Angalieni vizuri: shitaka si kwamba waliacha kutoa sadaka. Shitaka ni kwamba waligeuza mupango.

1. MUNGU NA GUVERNERI

Katika siku za nabii Malaki hekalu la Yerusalema lilikuwa limekwisha kujengwa tena. Makuhani walikuwa kazini, moto ulikuwa ukiwaka juu ya mazabahu, matoleo yalikuwa yakiletwa. Kwa macho ya mupita njia, dini ilikuwa ikiendelea vizuri. Lakini Mungu hakufurahi. Sababu gani? Walileta wanyama vipofu, viwete na wagonjwa. Ile ng'ombe ambayo hakuna mutu sokoni angeinunua, ndiyo waliyoipeleka kwa Mungu. Ndipo Mungu akawapa jaribu, katika mustari wa 8: wamupelekee mutawala wao munyama wa namna ile, waone kama atawapokea.

Wapendwa, jaribu hilo lingali linafanya kazi. Guverneri akitangaza kwamba atapita katika mutaa wetu, mashimo ya barabara yanajazwa udongo, mifereji inazibuliwa, watoto wa masomo wanasimama kwenye jua tangu asubuhi na bendera mukononi. Shefu wa kazi akiita mukutano saa moja na nusu ya asubuhi, saa moja kamili tuko mulangoni, viatu vinang'aa. Lakini ibada ya Mungu ikianza saa tatu, tunafika saa nne na nusu, na tukifika tunaanza kusalimiana na watu. Tungefanya vile kwa guverneri? Tungefanya vile kwa yule anayetulipa mushahara?

Tuangalie vilevile kikapo cha matoleo. Tunajua desturi ya soko zetu. Dolari ikiwa na mupasuko kidogo pembeni, mama wa unga anaikataa. Noti ya falanga iliyochakaa inatoka meza moja inaenda nyingine, hakuna anayeitaka. Mwisho wake inaenda wapi? Inakunjwa vizuri, inachungwa, inangojea siku ya Yenga. Mashemasi wanaohesabu matoleo wanaijua noti ile. Ni ng'ombe kipofu ya Malaki. Na si neno la wingi. Mutu anaweza kutoa falanga kidogo sana zenye heshima, na mwingine akatoa noti kubwa ambayo soko limekwisha kuikataa.

Hatusemi hivi sababu Mungu ana lazima ya falanga zetu. Zaburi ya 50 inatukumbusha kwamba nyama wote wa pori na ng'ombe wote wa milima ni wake. Hana njaa ambayo sisi tutaituliza. Tunasema hivi sababu mukono unaonyesha wazi kile moyo unachokifikiri. Kile unachokitupa kwa Mungu kinaonyesha bei unayomuhesabia.

2. BABA WA SIKU YA MINERVALE

Kuna mutoto ambaye amekwisha kuoa, anaishi katika muji mumoja na baba yake. Mwezi unapita, mwezi wa pili unapita, hakanyagi kwa baba. Siku watoto wake wanapofukuzwa masomoni sababu ya minervale, siku ile anakumbuka njia. Anafika na heshima nyingi, anaita "Papa, papa", anauliza habari ya mugongo na ya magoti. Muzee anatafuta falanga, anamupa. Kesho yake mutoto amepotea tena. Muzee ule si mujinga. Anajua kwamba aliyekuja kumuona si mutoto wake. Aliyekuja ni shida.

Wapendwa, mara ngapi Mungu anatembelewa na shida zetu, sisi wenyewe hatuko? Katika kanisa zetu watu wanakuja kuombewa. Mumoja ni mugonjwa, mwingine anatafuta kazi, mwingine mutoto, mwingine ndoa, mwingine viza ya kwenda Ulaya. Ni vizuri, waje. Yesu hakufukuza mugonjwa hata mumoja. Lakini katika Yoane 6:26 aliwaambia watu waliomufuata ngambo ya bahari kwamba walimutafuta sababu walikula mikate wakashiba. Walijua njia ya mikate, hawakumujua Bwana wa mikate.

Na katika Luka sura ya 17 wakoma kumi waliponywa. Wote kumi walikuwa wameomba kwa sauti kubwa. Wote kumi walitii wakaenda. Lakini aliyerudi kumushukuru Yesu ni mumoja, na yule alikuwa Musamaria, mutu wa kabila lililozarauliwa. Wale tisa walipata ngozi safi. Huyu mumoja alipata ngozi safi, akamupata na Yesu vilevile.

Kwa hiyo tujipime. Mutu anaweza kuchunga maji ya maombi katika chupa, ameyaweka juu ya kabati, na Mungu hana fasi katika nyumba ile. Mutu anaweza kukimbilia kila unabii, leo hapa, kesho kule, na hajafungua Biblia tangu mwezi uliopita. Anataka kujua kesho yake, hataki kumujua yule anayeichunga kesho. Kumupa Mungu heshima ni kumutaka hata siku ambayo hatuna cha kumuomba. Siku ambayo watoto wamelipiwa, mwili ni muzima, unga uko, na bado unapiga magoti. Siku ile Mungu anajua kwamba ni wewe ndiwe umekuja.

3. NGUZO AMBAZO TULIZITEGEMEA

Wazee wetu wa Katanga wanakumbuka wakati ambao kampuni ilikuwa baba na mama. Union Minière ilianza mwaka 1906. Mwaka 1967 serikali ilichukua migodi ile, na nyuma yake tukapata jina la Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, ilitoa unga, ilikuwa na hospitali na masomo. Mutu akiwa na kazi pale, alisema amefika. Mwaka 1986 kampuni ilitoa shaba tani karibu 476,000. Nani angefikiri kwamba nguzo ile ingetikisika? Lakini mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Na tangu mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 walitoka katika kazi kwa mupango mumoja, wengi wao wakiwa wametumika miaka 25 na zaidi.

Tuangalie na falanga. Mwaka 1967 tulipewa zaïre. Ilikuwa na nguvu, watu waliifurahia. Mwezi wa kumi wa mwaka 1993 ililetwa zaïre mupya, na moja yake ilikamata fasi ya 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja falanga ya Kongo, na moja yake ikakamata fasi ya zaïre mupya 100,000. Mutu aliyekuwa ameficha mali yake chini ya godoro aliamuka akakuta amelalia karatasi.

Hatusemi haya kwa kucheka watu walioteseka. Wengi wao ni baba zetu, na jasho lao lilisomesha wengi katika sisi. Na hatusemi kwamba kazi ni mubaya, ao kwamba kuweka akiba ni zambi. Mutu asiyetaka kutumika, Paulo alisema neno zito juu yake katika 2 Watesalonika sura ya 3. Tunachosema ni hiki: kazi ni mutumishi muzuri, lakini ni mungu asiyeweza kubeba mutu. Falanga ni vilevile. Ukiziegemea kwa uzito wote wa moyo wako, siku zinapoanguka unaanguka nazo. Ndiyo sababu Yesu alisema katika Matayo sura ya 6 kwamba hazina ya dunia inaliwa na nondo na kutu, na kwamba mutu hawezi kutumikia mabwana wawili. Wazee wa Kiswahili nao wanasema: mushika mbili moja humuponyoka. Na ile inayoponyoka mara nyingi ni Mungu, sababu yeye hapigi kelele kama shefu, hatumi ujumbe kama telefone.

Leo nguzo zimebadilika majina, lakini namna ni ileile. Kijana anaingia ndani ya shimo kutafuta kobalti, anasema, "Nikitoka na mifuko mizuri, ndipo nitakuja kanisani." Dada anasema, "Nikikwisha kumaliza masomo." Baba anasema, "Nikikwisha kujenga." Soma Hagai sura ya 1. Watu waliorudi kutoka Babeli walisema vilevile: wakati wa nyumba ya Mungu haujafika. Lakini wakati wa nyumba zao ulikuwa umefika, wamezipamba kwa mbao. Walipanda mingi, wakavuna kidogo. Mushahara wao ulikuwa kama umewekwa katika mufuko wenye matundu. Hawakukosa nguvu za kutumika. Walikosa kuweka vitu katika mupango wake.

Sisi tuko na maneno matatu ambayo tunayafundisha watoto tangu wadogo: Upendo, Amri, Kazi. Angalieni mupango wake. Upendo unaongoza, Amri inafuata, Kazi inakuja ya tatu. Haikutupwa inje, imepewa fasi yake. Shida yetu ni kuyasoma maneno haya toka nyuma.

4. "LAKINI SHEMASI, WATOTO WATAKULA NINI?"

Hapa mama mumoja ataniuliza: "Shemasi, unaongea vizuri. Lakini mimi ninaamuka saa kumi ya usiku kungojea maji ya bomba. Kisha ninawasha makala, ninatengeneza watoto, ninakimbia soko. Ninarudi giza limekwisha kuingia. Fungu la kwanza nitalitoa wapi?"

Mama, ulizo lako ni la haki, na Biblia inalijibu. Katika 1 Wafalme sura ya 17, njaa ilikuwa katika inchi. Nabii Eliya alikuta mujane wa Sarepta anaokota kuni. Alikuwa amebaki na unga wa kujaza mukono, na mafuta kidogo katika chupa. Alitaka kupika chakula cha mwisho, ale na mutoto wake, kisha wangojee kufa. Eliya hakumuambia alete unga wote. Alimuomba kwanza mukate mudogo, kisha ajipikie yeye na mutoto wake. Mukate mudogo. Fungu la Mungu halikuwa kubwa, lilikuwa la kwanza. Na unga wa mujane yule haukuisha mupaka siku ya mvua.

Basi fungu la kwanza la siku yako, mama, halina lazima kuwa saa nzima. Ni zile dakika chache ndoo inapojaa. Ni ile sala unayoifanya mbele kiberiti hakijawaka. Mungu anajua saa zako. Alikuwa pale saa kumi ya usiku mbele wewe hujafika.

Na hapa tuseme vilevile neno moja kwa sisi watumishi. Mutu akikamata habari ya mujane wa Sarepta kusudi anyanganye wajane unga wao, huyo hasomi Biblia pamoja na Eliya. Katika Marko 12:40 Yesu aliwahukumu viongozi wa dini waliokula nyumba za wajane huku wakifanya sala ndefu. Unga wa Sarepta ulibaki katika nyumba ya mujane, na mutoto wake alikula.

Tena kuna wale wanaofikiri kwamba kumupa Mungu heshima ni kukimbia nyumba. Kila siku wako kanisani: kesho mazoezi ya kwaya, kesho kutwa fanfari, siku nyingine kamati. Nyumbani watoto hawana anayewauliza habari ya masomo, muzee mugonjwa hana anayemupa maji. Katika Marko sura ya 7 Yesu aliongea juu ya watu walioita mali yao "Korbani", maana yake imetolewa kwa Mungu, kusudi wasisaidie baba na mama. Hakuwasifu. Mungu hataki heshima yake ilipwe na njaa ya wazazi wetu.

Na Marta? Yesu hakumukemea sababu ya kupika. Aliingia nyumbani mwake, na chakula kilikuwa lazima. Alimuambia kwamba anahangaika na kusumbuka kwa ajili ya mambo mengi. Sufuria haikuwa zambi. Neno lilikuwa kwamba mugeni yuko ndani ya nyumba, na moyo wa Marta uko katika sufuria. Mutu anaweza kupika na moyo wake uko miguuni pa Yesu. Na mutu anaweza kukaa katika benchi ya kanisa, macho yamefunga, na moyo wake uko sokoni.

5. FASI INNE ZA SIKU

Sasa tufanye namna gani? Musa anatuonyesha katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Alitaja fasi inne ambapo neno la Mungu linapaswa kuwa: wakati wa kuamuka, wakati wa kutembea njiani, wakati wa kukaa nyumbani, na wakati wa kulala. Hakutaja hekalu. Hekalu lina siku yake, lakini siku zote sita zingine tunaamuka, tunatembea, tunakaa, tunalala.

Kuamuka. Neno la kwanza la asubuhi umupe Mungu. Leo wengi wetu wakifungua macho, mukono unatafuta telefone. Tunajua nani amekufa, nani ameoa, nani amekosana na nani, bei ya dolari iko ngapi, na bado hatujasema "Asante Baba" kwa pumuzi. Telefone si shetani, inatusaidia. Lakini ingojee. Piga magoti kwanza, kisha iwashe.

Njiani na kazini. Mama anayeuza unga, heshima yako kwa Mungu iko katika meka yako. Tunajua kwamba kuna meka ambazo chini yake zimepigwa nyundo kusudi zikamate unga kidogo. Mezali 11:1 inasema wazi kwamba Mungu anachukia kipimo cha uongo. Ukiimba asubuhi katika kwaya na muchana unapima kwa meka ile, wimbo wako umekwisha kuliwa. Dereva wa taksi, mwalimu, polisi, mutumishi wa biro anayeshikilia karatasi ya mutu mupaka apewe "kitu kidogo": hapo ndipo tunaona kama Mungu ni mukubwa ao ni mudogo kwetu. Kanisani Mungu hana mushindani. Mushindani wake yuko mezani, pale falanga zinapohesabiwa.

Nyumbani. Katika nyumba nyingi watoto hawajasikia baba akiomba. Wamemusikia akiita, akikaripia, akiuliza chakula. Baba, usingoje muchungaji apite. Mbele ya kula, ondoa kofia, shukuru kwa sauti, hata kama ni sombe bila mafuta. Mutoto anayesikia baba yake akishukuru kwa sombe amejifunza kitu ambacho masomo hayakifundishi.

Kulala. Usilale na deni kwa Mungu wala kwa mutu. Rudia siku yako mbele yake: hapa nilisema uongo, hapa nilikasirika bure, hapa ulinisaidia. Omba rehema, shukuru, lala. Na kama umekosana na muke wako ao mume wako, maliza neno lile. Paulo alisema katika Waefeso 4:26 kwamba jua lisituche tukiwa na hasira.

Na kesho? Kesho utaanza tena. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 16, Waisraeli walipewa mana ya kila siku. Waliochunga ya jana ilitoa wadudu ikanuka. Ni vile hata kwa sisi. Kuna ndugu ambaye ukimuuliza habari ya imani yake, atakushuhudia namna Mungu alivyomuponya miaka 20 iliyopita. Ni ushuhuda muzuri. Lakini leo asubuhi aliongea na Mungu? Mana ya jana haishibishi.

6. MIEZI MICHACHE NA MIAKA 30

Tuko na mufano karibu, hapahapa katika muji wa Lubumbashi. Tarehe 6 Aprili 1921, Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake kule N'Kamba. Watu wengi waliacha kazi na mashamba yao wakaenda kumusikiliza. Lakini kazi ile mbele ya makutano haikufika hata miezi sita. Mwezi wa tisa alifungwa. Tarehe 3 Oktoba 1921, tribinali ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, ilimuhukumu kifo na fimbo 120. Mufalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji aligeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Basi wakamuleta mbali na kwao, katika gereza la Élisabethville, jina la Lubumbashi wakati ule. Pale alikaa mupaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951.

Hesabuni wenyewe. Mbele ya makutano, miezi michache. Kifungoni, miaka 30. Ni siku zaidi ya 10,000, na kila moja ilikuwa na asubuhi yake na usiku wake. Kule hakukuwa na kwaya, hakukuwa na fanfari, wala bendera, wala watu wa kushangilia. Kama heshima ya Mungu ingekuwa ni vitu vile, ingekufa siku ya kwanza ya kifungo. Na kule N'Kamba Mama Marie Mwilu, pasipo mume wake, alichunga imani katika nyumba yake na kwa watu waliokuja kwa siri. Kanisa lilipata ruhusa ya serikali tarehe 24 Desemba 1959. Mama Mwilu alikuwa amekufa mwaka uleule, mbele ya siku ile. Alipanda, wengine wakavuna.

Sisi leo tunaabudu na milango wazi. Hakuna anayetupiga fimbo sababu ya kusali. Wao walimupa Mungu fungu la kwanza pasipo uhuru. Sisi tuko na uhuru, tutamupa makombo?

KWA MWISHO

Wapendwa, hatukuombi uache kazi, wala ufunge meza yako ya soko, wala ulale kanisani. Tunakuomba ufanye jambo moja juma hili. Kila siku, mbele hujala, mbele hujafungua telefone, mbele hujahesabu falanga, umupe Mungu fungu lake. Liwe dogo kama mukate wa Sarepta, lakini liwe la kwanza. Na siku ya Yenga, ufike mbele ya wimbo wa kwanza, na noti ambayo hata mama wa unga angeipokea.

Kisha ujiulize katika nyumba yako, wewe na muke wako na watoto: kama mugeni angekaa nasi juma moja pasipo kutufuata kanisani, angejua kwamba katika nyumba hii kuna Mungu? Angemuona katika fungu gani?

Tuombe: Ee Baba, wewe ulitupa Mwana wako wa pekee, haukutupa makombo. Utusamehe sahani ambazo tumekuletea sisi tukiwa tumekwisha kushiba. Utufundishe kuamuka nawe, kutembea nawe, kukaa nawe na kulala nawe. Ukumbuke mama anayengojea maji usiku, kijana aliye ndani ya shimo, baba asiye na kazi, na ndugu zetu wa mashariki ya inchi ambao vita imewafukuza katika nyumba zao. Wote uwape mukate wa leo, na wewe mwenyewe uwe fungu lao. Kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Amina.

Shemasi wa parokia, Lubumbashi